Yah: Shikamoo Zinazoangusha Ndege Yangu

Malindi, Lushoto
Alhamisi

Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji,

Shikamoo. Hiyo nimeiandika nikiwa nimesimama wima, lisije likazuka jingine. Sasa nimekaa, tuendelee.

Mimi ni Idrisa, mjukuu wa Mzee Mbaraka, yule mjukuu aliyeishia kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha. Jana Babu kaninyang'anya kigoda, kakifungia chumbani kwake, na Jumamosi nashuka Mombo kushindana kurusha ndege kwenye banda la gemu. Vijana wa Mombo wanasema sisi wa milimani chombo pekee tunachojua kukiendesha ni jembe. Bila kigoda kile watakuwa wamesema kweli.

Kigoda chenyewe si cha kukalia tu. Ni usukani wa kompyuta, nimeubuni mimi. Wenzangu wananunua pedi za dukani za kushika mkononi. Mimi narusha ndege kwa makalio. Nimekikalisha juu ya mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, kinayumba kila upande. Pembeni nimepanga vijiko vya chai, na nyaya zake nimezilehemu kwenye kibodi iliyokufa nusu. Ukiegemea kushoto, kijiko kinagusa, ndege inakata kushoto. Na chini ya ngozi yake ya kukalia nimetia springi ya godoro: ukikaa, injini inawaka, ukiinuka, inazima. Wazungu hawajafika hapo.

Tatizo, Mwenyekiti, ni wazee. Nawapenda, nawaheshimu, ila wananimalizia abiria. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta iko barazani kwa shangazi Saumu, wanakokuja watu kuchaji simu. Kila mzee akiingia sharti nisimame nimwamkie. Nikisimama, injini inazima. Mpaka aseme marahaba, tumeshaanguka.

2. Hawaji kwa pamoja. Wangekuja kundi, ningewaamkia kwa jumla, ndege ikaanguka mara moja, tukazika, yakaisha. Hapana. Mmoja anatoka, mwingine anakohoa mlangoni.

3. Salamu zenyewe hazina breki. Bibi Mwanahamisi akishaitikia kwa Kiswahili anahamia Kishambaa, aulize habari za mama, za maharage, za mbuzi, za ukungu wa huko juu. Mimi nimesimama tu, naisikia ndege inavyolia nyuma yangu. Siku moja nikachanganyikiwa, nikamjibu kwamba mbuzi amegonga mlima. Alikwenda moja kwa moja kumpa mama pole.

4. Nilijaribu sayansi. Nikisimama, naweka mfuko wa maharage unikalie kigoda. Shangazi akauinua ampimie mteja, ndege ikiwa juu ya Kilimanjaro.

5. Jana ndiyo imenileta kwako. Nilikuwa nimefika mbali kuliko siku zote, Babu akaingia. Nilimwamkia kwa heshima kamili, kichwa nimeinamisha, ila kalio moja nililiacha kwenye kigoda. Babu akauliza kama nimevunjika kiuno. Nikamwambia marahaba yake aishikilie kidogo, kuna mawingu. Hapo ndipo kigoda kilipoondoka, na mimi nikiwa bado nimo.

Kwa hiyo naomba kikao cha kitongoji kipitishe shikamoo ya kukaa itambulike kwa marubani. Hilo likiwa gumu, wazee wafungwe njuga miguuni wasikike tangu bondeni. Na hilo likiwa gumu, shikamoo zangu za wiki nzima zilimbikizwe, nizitoe zote Ijumaa baada ya swala, nimesimama hata mpaka alasiri. Vinginevyo baraza la shangazi litangazwe uwanja wa ndege, na kila mzee aombe ruhusa ya kutua. Juu ya yote, Babu aamriwe kurudisha kigoda kabla ya Jumamosi.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Waliokaa wasisimame.

Mimi mjukuu wako mtiifu, nikiwa chini kwa sasa,

Idrisa, Rubani

N.B. Nimefungua tena bahasha. Babu amekitoa kigoda. Alisema anataka kwanza aone ni shetani gani aliyemo. Amekikalia barazani tangu adhuhuri, na ameshanipita mbali. Nimemwamkia kwa Kiswahili, kimya. Nimemwamkia kwa Kishambaa, kimya. Nimekwenda kusimama mbele yake, akanisukuma pembeni nisimzibe. Sasa anamuuliza shangazi gari la Mombo Jumamosi linaondoka saa ngapi.

Mwenyekiti, futa yote niliyoomba hapo juu. Adabu imekwisha kitongoji hiki. Pitisha leo leo: mtu akisalimiwa asimame aitikie, hata awe nani. Na ukiweza, waite wazee wenzake waje kumsalimia, mmoja mmoja, Bibi Mwanahamisi awe wa kwanza.