Shemeji na Karata ya Mwisho

Jina lake halisi alikuwa amelisahau hata yeye. Mji mzima ulimwita Shemeji, kwa sababu yeye, kabla ya kumla mtu pesa zake, humwita shemeji kwanza. Na ukiitwa shemeji unalegea, usibishe. Unabaki kujiuliza ni dada yupi, huku mfuko unapungua.

Siku hiyo alimkuta dereva wa lori kalala kwenye benchi la fundi matairi, mdomo wazi, anakoroma, mfuko wa shati umevimba kwa noti. Fundi, mshirika wake wa siku zote, alikuwa anaziba tairi la lori hilo bila haraka yoyote.

"Riziki hiyo," Shemeji akanong'ona. "Akiamka tunacheza. Jumapili naenda kujitambulisha kwao yule binti wa duka la dawa, na suti yenyewe sina."

"Yule mwenye mwanya?"

"Huyo huyo. Fundi, nampenda mpaka naogopa! Kaka yake mkubwa ndiye wa kunikubali au kunikataa, na sijawahi kumwona. Kila siku yuko safarini."

Dereva akazidi kukoroma.

Alipoamka, karata zilikuwa tayari. Poka, watu wawili tu, fundi akigawa. "Kidogo tu, shemeji, tunasubiri gundi ikauke."

Dereva alicheza ovyo, akipoteza na kucheka. Shemeji akapandisha dau polepole mpaka akiba yote ya suti ikawa mezani. Mkononi alikuwa na wafalme wawili. Fundi akafunua mezani karata ya mwisho, ya wote wawili: mfalme wa tatu, ambaye muda wote alikuwa amepumzika ndani ya mkono wa ovaroli. Bahati ni kitu cha ajabu.

Dereva akasukuma noti zake zote katikati. Shemeji akaanza kufungua saa yake ili alifikie dau.

"Nikiliwa hapa nimekwisha," dereva akasema, kashika kichwa. "Jumapili mdogo wangu analeta mchumba nyumbani. Mimi kaka mtu, nitapokea wageni na nini?"

Vidole vya Shemeji vikaganda kwenye saa. "Mdogo wako... yuko wapi?"

"Duka la dawa. Ana mwanya hivi. Anasema kijana mwenyewe mstaarabu, kamari haigusi."

Jamani! Wafalme watatu, moyo mmoja kifuani. Shemeji akazitupa karata zake bila kuzifunua.

"Chukua, kaka. Mimi mwenyewe kamari siijui, namsindikiza fundi tu."

"Una adabu wewe," dereva akasema. Akazoa kila kitu, akamkumbatia, tairi likafungwa, akaondoka.

Fundi akafunua karata za dereva. Mbili na saba, takataka tupu. "Mjinga wewe! Ungemla mzima mzima!"

"Undugu kwanza," Shemeji akasema, akijifuta jasho. "Pesa hutafutwa."

Jumapili akafika ukweni na suti ya kuazima kwa fundi, mikono imeishia karibu na viwiko, inanuka gundi. Kwenye kiti cha kaka mkubwa alikaa bwana mwembamba mwenye miwani, mkaguzi wa shule.

"Na yule kaka yako dereva wa lori?" Shemeji akamnong'oneza mchumba.

"Dereva yupi? Kaka ninaye huyu mmoja, na hata baiskeli humwangusha."

Mkaguzi akainuka, akanyoosha mkono. "Karibu sana, shemeji!"

Shemeji akashika mfuko kwanza, ndipo akampa mkono.