Kuomba Kijiji Kihamishiwe Petroli Inapoishia

Kibakwe,
Wilaya ya Mpwapwa,
9 Machi 1994.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wapiga chapa wako. Sisi huku Kibakwe ni wazima, isipokuwa tumesogea. Nitaeleza.

Mimi ni katibu wa kamati ya zahanati ya hapa. Nilichaguliwa kwa sababu nina kalamu. Kwa niaba ya wenzangu naandika kuhusu gari la mradi wa chanjo, Land Rover ya petroli ya siku nyingi, ambalo hutoka ofisini Makole, Dodoma, kila mwezi kutuletea nesi na kasha la barafu lenye chanjo za watoto. Lilikuwa gari la heshima. Lilichelewa, lilikohoa, lakini lilifika.

Mwaka jana mkuu wa mradi, Bwana Lameck, alilivisha matairi makubwa. Siku hizi kila kitu ni ruksa kuingia nchini, na matairi hayo yaliingia pamoja na vitenge na redio. Bwana Lameck aliyaona yamepangwa nje ya duka, akasema gari la mradi lazima liwe na hadhi. Madigadi yakakatwa ili matairi yaenee. Sasa gari likisimama, mbuzi anapita chini yake bila kuinama. Tunampongeza kwa hilo. Malalamiko yetu ni madogo tu, nayo ni haya:

1. Kusogezwa bila taarifa. Tangu gari livae matairi hayo, mita yake inasema safari ya kutoka Makole hadi Kibakwe imepungua kilomita kama ishirini. Dereva, Athuman, alijaribu kueleza kwamba mita inahesabu mizunguko ya tairi, na tairi kubwa likizunguka mara moja linakula njia ndefu zaidi, basi mizunguko inakuwa michache na hesabu inapungua. Bwana Lameck alimjibu kuwa mita imetengenezwa Ulaya na Athuman ametengenezwa Kondoa. Ikaandikwa hivyo ofisini: Kibakwe imekaribia.

Sisi si wageni wa kuhamishwa. Wakati wa operesheni ya vijiji tulipakiwa kwenye malori na vyungu vyetu vikavunjika, lakini angalau tulitangaziwa. Safari hii tumesogezwa tumelala. Asubuhi tulitoka nje tukaangalia. Mlima upo, mashamba ya maharage yapo, jirani yangu Tabu yupo, na ugomvi wetu wa mpaka upo. Hakuna aliyehisi kitu.

2. Petroli. Mafuta hugawiwa kufuatana na kilomita, kwa hiyo Kibakwe ikikaribia, mgawo unapungua. Wakati huohuo matairi yenyewe ni mazito kama mawe ya kusagia, na injini ni ileile ya zamani iliyozoea matairi ya saizi yake. Gari lililokuwa likinywa kwa adabu sasa linakunywa kama mtu aliyealikwa. Athuman anasema akikanyaga kupanda kilima anauona mshale wa mafuta ukishuka kwa macho yake. Mpwapwa petroli inauzwa, ila yeye hapewi fedha ya kununulia, kwa sababu kwa mujibu wa ofisi haihitajiki. Basi kila mwezi gari linazimika palepale, kwenye korongo chini ya mlima wetu. Athuman anachukua dumu, anakaa juu ya jiwe, na kungoja lori la vitunguu lenye huruma. Ndege wa pale wameshamzoea.

3. Kimo. Nesi wetu anaitwa Yusra, binti wa mjini, mtu wa haya na baibui lake. Kulipanda gari hilo anahitaji kigoda, na kushuka anahitaji wanaume wawili wa kumpokea, jambo asilolikubali. Basi anaruka. Mwezi wa kwanza aliteguka kifundo cha mguu, akafanya kazi siku nzima akichechemea. Bwana Lameck mwenyewe halipandi, ana gari dogo la chini. Hili la matairi makubwa analichukua Jumapili tu, kuvuka dimbwi lililo mbele ya nyumba yake Nkuhungu. Tunasikia dimbwi hilo linavukwa vizuri sana.

4. Hapa naacha utani. Kasha la barafu halijui hadhi. Gari likizimika korongoni barafu inayeyuka, na chanjo ikishapata joto haifai tena. Nimemwona nesi akiimwaga. Alifika kwa miguu jioni, viatu mkononi, akina mama wakiwa bado wamejipanga tangu asubuhi na watoto mgongoni. Akafungua kasha, akatia vidole kwenye maji ya vuguvugu, akaenda nyuma ya zahanati kumwaga kila kitu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna mama aliyemlaumu.

Surua imo kijijini tangu Krismasi. Mtoto wa Tabu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, tulimzika mwezi uliopita. Mimi na Tabu hatujaelewana kwa miaka, lakini siku ile nililala kwake sakafuni. Mjukuu wangu Gladness hajachanjwa, na kila akikohoa mimi sipumui. Nina hasira, Ndugu Mhariri, na ninaiandika hapa usije ukafikiri kwamba adabu ya barua hii inatoka moyoni.

Baada ya kuyatafakari hayo yote, kamati iliuliza kama matairi ya zamani yanaweza kurudishwa. Tulijibiwa kwamba yaliuzwa, na kwamba mradi hauwezi kurudi nyuma kimaendeleo. Kwa kuwa matairi hayabadilishiki, tunaomba tubadilishwe sisi. Tunaomba kijiji chote cha Kibakwe kihamishiwe korongoni, pale petroli inapoishia. Tembe zetu tutazibomoa wenyewe, serikali isigharimike. Tunafahamu kwamba korongo hujaa maji wakati wa mvua, kwa hiyo tunaomba pia mwalimu wa kuogelea.

Lakini mjumbe mmoja alisimama akatuonya kuwa hilo halitatosha. Injini inazidi kuzeeka. Mwakani petroli itaishia nyuma zaidi, na mwaka unaofuata nyuma zaidi tena, nasi tutakuwa tunalifuata gari kama ndama, kila mwaka tunabomoa na kujenga. Kwa busara hiyo, ombi letu limerekebishwa. Tunaomba tuhamishiwe moja kwa moja Makole, uani mwa ofisi ya mradi, pale gari linapolala. Nesi atatoka ofisini, atatuchanjia watoto, atarudi kwenye kiti chake. Gari halitatembea hata hatua moja, na Bwana Lameck atakuwa na Land Rover ya zamani, yenye matairi makubwa, inayotumia mafuta kidogo kuliko magari yote nchini. Wageni watakuja kujifunza kwake. Mashamba yetu tutayaacha hukuhuku Kibakwe na kwenda kulima asubuhi na kurudi jioni, kwani kwa mujibu wa mita si mbali.

Wengine watasema kuhamisha watu ni kazi ndefu. Ni kweli serikali yenyewe inahamia Dodoma kwa zaidi ya miaka ishirini sasa na bado ina mizigo Dar es Salaam. Sisi tutahama kwa wiki moja, maana mizigo yetu ni kuku na vyungu. Huenda wakubwa wakapenda kutuangalia tunavyofanya.

Tutashukuru ukitupatia nafasi kwenye ukurasa wowote, hata ule wa matangazo ya vifo. Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti na familia yako. Ukikutana na Bwana Lameck msalimie sana, pamoja na matairi yake yote manne, na la tano lililobebwa mgongoni.

Wako katika kusogea,
Loisi Ndahani (Bibi),
Katibu, Kamati ya Zahanati, Kibakwe.

Nyongeza, mwishoni mwa Machi. Tafadhali usiichape barua hii. Ilikwama kwangu kwa ajili ya mvua, na ninaituma tu kwa kuwa stempu nimeshaibandika.

Bwana Lameck alikuja mwenyewe kuthibitisha kwamba Kibakwe ni karibu. Kwa kuwa yeye alikuwamo, tangi lilijazwa. Korongo lilikuwa na maji ya kiunoni na malori yote yamelala ng'ambo, lakini yale matairi, Mungu ayabariki, yalivuka bila hata kusita, na barafu ikafika ikiwa barafu. Petroli ya kurudia ilikuwa imehesabiwa kwa mita, na gari lilishainywa wakati wa kuja, kwa hiyo walipowasha kuondoka gari lilikohoa mara moja likanyamaza. Maji yalipopungua Bwana Lameck aliondoka juu ya magunia ya vitunguu. Ameahidi kutuletea mafuta mara tu atakapogundua yalikopotelea.

Nesi Yusra amebaki na gari. Chanjo zimo kwenye friji ya mafuta ya taa ya zahanati, ambayo tangu tuipate ilikuwa inapoza soda za mganga. Watoto wote wamechanjwa. Gladness alipiga kelele kijiji kizima kikasikia, nami nikalia pamoja naye kwa furaha. Wajawazito wanapimwa kila asubuhi. Athuman amepewa shamba la maharage na amenenepa. Kama yapo matairi makubwa zaidi ya haya, tunaomba mradi uyanunue upesi.

Gari tumelifunika kwa mabua ya mtama ili lisinyeshewe. Jana alipita mfanyabiashara wa Mpwapwa na pipa la petroli, akiulizia Land Rover ya mradi iliyoishiwa mafuta. Kabla sijafungua mdomo, Nesi Yusra alitoka mlangoni na sindano mkononi akamjibu, "Hapa hakuna gari, kaka."