Mkono Usioachia wa Mama Anyango

Asubuhi moja ya mwaka 1952, mvua ikiwa imeacha baridi yake sokoni Kisumu, Walter Obiero alimwona mtu anayeiba vizuri kuliko yeye, akasimama kwa heshima.

Alikuwa mama muuza samaki, mtoto mgongoni. Mteja amenyoosha kiganja, mama amenyoosha ngumi, na ngumi haifunguki.

"Mama, chenji yangu!"

"Ngoja kidogo, bwana. Vidole vimekataa."

Mteja akasonya, akaondoka. Ngumi ikafunguka taratibu, na mama akamkimbilia mteja kumpa senti zake.

Walter alivunjika moyo. Mama hakuwa mwizi, alikuwa mgonjwa tu. Kisha akakumbuka kwamba wagonjwa wanalipa, akavaa koti jeupe alilolikuta siku moja limeanikwa kwenye kamba ya hospitali, likiwa halina mtu ndani. Akatoa na mashine yake: saa ya kupimia betri kutoka lori bovu, nyaya mbili, na mshale unaotikisika hata ukipumuliwa.

"Mimi ni daktari wa misuli. Nimetoka hospitali kuwasaidia wananchi."

Mama akamtazama, akatazama koti kwa muda mrefu. Jina lake Seline, wa mtaa wa Nyalenda.

"Mwaka wa tatu, daktari. Asubuhi mikono na mapaja yanakuwa gogo. Mama mkwe anasema ni uvivu. Hospitali nimeenda mara nne. Nikiisha kukaa foleni nimebeba mtoto, mikono imeshalegea. Naambiwa shika, nashika. Achia, naachia. Basi naambiwa niko sawa." Akamvuta mtoto mbele. "Sasa na Anyango ameanza. Akishika kidole changu asubuhi, hakitoki. Nataka jina la huu ugonjwa. Ukiwa na jina, kuna anayeujua."

Majina Walter hakukosa. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika gereji ya Bwana Harbhajan, akajua kila kipuri cha lori kwa jina, mbele hadi nyuma. Akamshikisha nyaya, mshale ukatikisika.

"Mama Anyango, hii ni difrensho ya damu."

"Yawa!" watu wakaguna. "Ni mbaya?"

"Ya nyuma kabisa. Malipo ni jogoo leo, chupa ya dawa kesho."

Seline alimfungua jogoo wake mwekundu kwenye mguu wa meza ya samaki, akampa bila kubishana bei. Hapo Walter angepaswa kushtuka: mama wa sokoni asiyebishana bei ana jambo. Hakushtuka.

"Asante, daktari." Akampa mkono. Hakuuachia.

"Mama, basi."

"Vidole vimekataa."

"Vuta!"

"Ukivuta vinakaza. Si ndiyo difrensho yenyewe? Wewe si wa hospitali?"

Soko zima lilikuwa linasikiliza. "Kabisa," alisema Walter.

"Basi twende kwa wenzako, mnifungue pamoja."

Wakaenda, jogoo kwapani, mkono mkononi, kama bwana arusi na bibi arusi waliokosana. Foleni ya hospitali ilikuwa imefika getini. Watu walipoona koti jeupe wakainuka: "Mpisheni daktari!" Kufumba na kufumbua wako mbele ya Daktari Narendra.

"Huyu nani?" aliuliza Narendra.

"Huyu achana naye," alisema Seline. "Mama mkwe anasema nina uvivu. Tazama mkono. Naachia sasa."

Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Narendra akaweka kalamu chini. Akachukua nyundo ndogo ya mpira, akagonga chini ya kidole gumba cha Seline. Kidole kikajikunja, kikakaa hivyo. Akamgonga Anyango kwa ncha ya kidole chake, polepole. Kidole gumba kidogo nacho kikainama, kikangoja, kikainuka.

"Ugonjwa huu una jina," alisema. "Si uvivu. Misuli yenu ikikaza inachelewa kulegea. Umezaliwa nao, hata kama umejitokeza ukubwani, na mtoto pia. Hauui. Mkinge na baridi, atakua, atacheza. Nitakuandikia jina lake kwenye karatasi, umpelekee mama mkwe."

"Herufi kubwa, daktari. Macho yake hayaoni vizuri." Seline alikuwa akicheka na kulia.

Walter akamnong'oneza, "Mama, kwani mkono ulilegea lini?"

"Tulipompita muuza mandazi, baba. Kutoka hapo nilikukaza kwa nguvu zangu mwenyewe, vidole visije vikazoea kulegea kabla hatujafika." Akamtoa jogoo kwapani mwake. "Na huyu anarudi nyumbani."

Walter akageukia mlango. Hapo alisimama dresa mmoja mpana, mfunga vidonda wa hospitali, akisoma taratibu namba ya dobi wa hospitali iliyoshonwa kwenye ukosi wa koti, uliokuwa umepinduka njiani. Alipomaliza kusoma, alimshika Walter kifundo cha mkono.

Walter alivuta. Akavuta tena. Mkono huu haukuwa na ugonjwa wowote.