Ombi la Kurekebishwa kwa Picha ya Meli Adelaide

Phares Opicho,
Kariobangi Kusini,
Nairobi.
24 Septemba 1994

Kwa Msimamizi,
Maktaba ya Picha za Usafiri wa Kale,
Nairobi.

Bwana Msimamizi mwenye subira,

Nina heshima kubwa kukutangazia, kabla hujaisikia habari hii kwingine, kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, baada ya ibada, wakazi wa ploti yetu waliamua kwa kura kwamba meli ya mvuke iliyoitwa Adelaide, iliyokuwa ikivuka Ziwa Victoria zama za ukoloni, ilikuwa na gurudumu moja tu la kupiga maji, na gurudumu hilo lilikaa nyuma. Matokeo yametangazwa. Chai imenyweka. Gundi imekauka.

Wiki iliyofuata bahasha yenu ikafika, na ndani yake picha ya Adelaide ikiwa na magurudumu mawili, moja kila ubavu.

Nimekaa na picha hiyo siku kadhaa nikijaribu kuisamehe. Nimeshindwa. Sina ugomvi nawe binafsi, na karani wako aliyenihudumia alinipa hata kiti. Lakini ofisi yenu ndiyo iliyoanza, kwa hivyo naomba niyaweke malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kwanza ujue kwa nini mtu wa makamo, karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni, anajenga meli juu ya meza ya kulia chakula. Mimi si fundi. Kitu cha mwisho nilichojenga kilikuwa kibanda cha kuku, na kuku walikitazama, wakaenda kulala kwa jirani. Ila baba mkwe wangu, marehemu Mzee Job Kadima, alifariki mwaka jana bila kuacha picha hata moja. Ya kitambulisho ilipotea pamoja na kitambulisho. Ya harusi haikupigwa. Desemba hii tunamfanyia ibada ya ukumbusho nyumbani kwao Samia, kando ya ziwa, na pale mbele, kwenye meza ambapo wenzetu huweka picha ya marehemu na maua ya plastiki, sisi hatuna cha kuweka. Jambo pekee ambalo watoto wake wote wanakubaliana ni kwamba baba yao alifanya kazi katika Adelaide. Basi wakasema, iwekwe meli. Na mkwe aliye Nairobi, karibu na maktaba na maduka ya gundi, ni mimi.

2. Picha yenu ilichelewa. Niliiomba mwezi wa sita. Mlipokuwa mkiitafuta, mimi niliwauliza watu waliotoka magharibi mwa nchi hapa mtaani, na kosa langu lilikuwa kuuliza watu wawili. Bwana Andati, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, alisema gurudumu lilikuwa nyuma, kwani baba yake aliipanda meli hiyo. Bwana Nabiswa, naibu wake, alisema yalikuwa mawili, ubavuni, kwani baba yake aliipanda kwenda na kurudi. Yakaingia maneno ya baba wa nani alikuwa mwongo. Ndipo Bwana Andati akasema tupige kura, na kwa kuwa karatasi ni ghali, iwe kwa mlolongo: wa gurudumu la nyuma wasimame nyuma yake, wa ubavuni wasimame nyuma ya Nabiswa.

Bwana Msimamizi, mlolongo unaukumbuka. Serikali yenyewe iliuacha, lakini huku kwetu hakuna kitu kinachotupwa kabla hakijatoboka. Mlolongo wa Nabiswa ulipita kioski, ukafika kwenye kisiagi cha unga, ukakata kona. Wa Andati ungeweza kukaa wote kwenye benchi moja, na ndani yake mlikuwa na akina mama wawili waliodhani ni foleni ya maji. Bwana Andati, ambaye pia ndiye aliyesimamia uchaguzi, aliitazama milolongo yote miwili kwa makini, akajitangaza mshindi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Buda, si yako ndiyo fupi!" Andati akamjibu kwa upole wa mwenyekiti, "Ni fupi kwa macho, kijana. Wewe umehesabu, mimi nimetangaza. Kazi ngumu ni ipi?" Watu wakapiga makofi, kwa mazoea.

Nabiswa hakukubali. Alitoka na wafuasi wake, na tangu siku hiyo mtaa una Adelaide yetu na Adelaide Asili. Nasikia Adelaide Asili nayo i karibu kugawanyika, kwa sababu hawajakubaliana nani ashike usukani. Pia kuna kikundi cha tatu, cha vijana, kinachoshikilia kwamba meli haikuwa na gurudumu lolote na kwamba wazee wote tunadanganya. Hao nimeanza kuwaogopa.

3. Picha yenu haina rangi. Mkutano ulipitisha kijani. Ulipitisha kijani kwa sababu Mama Muhonja alikuwa amebakisha nusu kopo la rangi baada ya kupaka geti la kanisa, naye akasema akiitoa bure isitafutiwe makosa. Nimeitazama picha yenu kwa miwani na bila miwani. Ni kijivu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mbingu. Kama mna ushahidi kwamba meli haikuwa kijani, uleteni kabla sijapaka mara ya pili.

4. Hapa sitaki mzaha mwingi. Chini ya picha mmeandika: "Bw. Hargreave, mbwa wake Toby, na wengine." Mzungu ana jina. Mbwa ana jina. Wengine ni watu saba waliosimama juani bila viatu, na wa nane ni kiwiko tu, kwa maana upande wa kushoto picha imekatwa. Mke wangu, Clare, alikitazama kiwiko hicho muda mrefu. Alininyang'anya picha akaenda nayo jikoni, na chakula siku hiyo kikaungua. Naomba basi picha hiyo iongezwe kushoto, upana wa mtu mmoja. Kama nafasi ni tatizo, Toby anaweza kupisha.

5. Karani wako, siku ile aliponipa kiti, aliniuliza, "Mzee, mjane si yuko hai? Si umwulize yeye?" Bwana Msimamizi, kijana huyo ana kwao? Mjane ni mama mkwe wangu. Yuko kwangu tangu mwezi wa nane, amekuja kutibiwa macho. Kwa mila zetu siwezi kumpa mkono, wala kula naye meza moja, wala kulala chini ya paa analolala. Na kwa kuwa nyumba yangu ni chumba kimoja na pazia, mwezi mzima huu nimekuwa mgeni wa kochi la jirani. Tukikutana kwenye ngazi mimi hugeukia ukuta kama mtu anayesoma tangazo. Jina lake siwezi kuliandika hata hapa. Huyo ndiye nimsimamishe nimwulize habari za magurudumu? Nilimwomba Clare amwulize, akanijibu, "Mama amekuja kwa macho, hakuja kwa meli. Wewe na kamati yako endeleeni." Tukaendelea, kama ulivyoona.

Kwa hayo yote naomba moja kati ya haya. Ama magurudumu yaliyo kwenye picha yahamishiwe nyuma na kuunganishwa yawe moja. Ama mtuandikie, kwa muhuri, kwamba hiyo ni Adelaide nyingine. Ama mtangaze kwamba Adelaide ya Kariobangi ndiyo halisi, na ile iliyotembea ziwani ilikuwa mfano uliokosewa. Usiniambie haiwezekani. Katika nchi hii tumeona mambo mazito zaidi yakibadilika kati ya jioni ya kuhesabu na asubuhi ya kutangaza. Magurudumu mawili ni nini?

Nisalimie karani wako, na mama anayewapikia chai, na mlinzi wa lango aliyenipekua mfuko akakuta mahamri, akayapekua nayo. Salamu pia kwa kizazi cha Toby, popote kilipo. Na kwa wengine.

Nabaki wako nikiwa na gundi vidoleni,

Phares Opicho,
Fundi kwa kuteuliwa.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua tena ili nikueleze ukweli wa mambo, kwa sababu hauko hapo juu.

Jana mama mkwe alifunguliwa bandeji, na Clare akamwonyesha meli yangu pamoja na picha yenu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, upande wangu wa pazia, na masikio yangu hayana mila. Nilimsikia akicheka mpaka Clare akamwomba asilitikise jicho. "Meli? Baba yenu hakupanda meli hata siku moja. Hata maji ya kuoga alikuwa akiyaogopa!"

Ikawa hivi. Meli ile ilikula kuni. Mzee Job alikata kuni na kuzipanga gatini, na mkewe alizibeba pamoja naye, kila mmoja na mzigo wake. Wengine ndio walioziingiza ndani. Ila kila aliyefanya kazi pale gatini alisema yuko melini, ndiyo iliyokuwa heshima yao, na watoto wakajaza yaliyobaki. Clare akamwuliza, "Na magurudumu, Mama? Yalikuwa mangapi?"

"Nitajuaje? Ikifika sisi tulikuwa tumeinama."

Kisha akapaza sauti, bila kutaja mtu, ili upande wa pili wa pazia usikose kusikia: "Kama kuna anayetaka kumkumbuka Job, apange kuni. Gome likae juu, mvua isiingie. Yeye alipanga hivyo."

Kwa hiyo, Bwana Msimamizi, picha yenu iacheni ilivyo. Ninyi na Nabiswa ndio mlio sawa, lakini tafadhali asiambiwe. Ombi la kiwiko tu ndilo nisilolifuta, hata akiwa si mtu wetu.

Leo asubuhi nimekata vijiti vya kupanga juu ya ile meza ya ukumbusho, mahali pa meli. Nilipanga safu ya kwanza kwenye sinia, gome juu, nikaipitisha chini ya pazia, nikaangalia pembeni. Baada ya muda sinia ilirudi. Kuni zilikuwa zimepangwa upya.