Maria Kifuani mwa Bwana Harusi

Jumatatu, 8 Septemba
Mungu hamtupi mja wake! Bi Badria wa ghorofa ya pili kaleta kanzu ya mwanawe Ridhiwani, anayeoa Jumamosi. Kaipita cherehani ya Pantaleo, fundi mwenzangu wa barazani, kaja kwangu. Anataka kifuani niweke almaria, kwa uzi wa dhahabu. Akiipenda, kanzu za Idi za ukoo mzima nitashona mimi. Nikamwambia almaria ndiyo kazi yangu tangu Masasi. Neno lenyewe ndiyo kwanza nalisikia.

Jumanne, 9 Septemba
Pantaleo kaniuliza kama almaria naijua. Dharau iliyoje! Miaka minne tunagawana baraza moja hapa Mchafukoge, bado ananiona fundi viraka. Akataka kunionyesha. Nikamwambia akawaonyeshe wanawe. Anamtaka mteja wangu, namjua.

Nimetumia akili. "Al" ni Kiarabu, kama Alhaji. Maria ni Maria. Basi ndiye bibi harusi huyo. Kazi nyepesi!

Alhamisi, 11 Septemba
Nimetukanwa mchana kweupe! Bi Badria kaja na Ridhiwani na bibi harusi, ambaye kumbe anaitwa Husna. Nikaikunjua kanzu. MARIA, kwa dhahabu, herufi kubwa kama za bango la mkutano Mnazi Mmoja. Bi Badria akapiga ukelele: almaria ni nakshi! Ile inayodariziwa shingoni na kifuani, hata mtoto anajua! Husna hakupiga kelele. Akauliza taratibu Maria ni nani. Ridhiwani akaapa kwamba waliachana tangu mwaka jana.

Nani alimwuliza? Kakiri mwenyewe, lawama napewa mimi!

Jumamosi, 13 Septemba
Ndoa imefungwa, kwa mbinde. Pantaleo ndiye aliyemfumua Maria wangu akaweka almaria. Nimeiona. Upande wa kushoto imepinda, ila hakuna anayesema. Na kanzu za Idi kapewa yeye. Wizi mtupu!

Jumatatu, 15 Septemba
Mteja mpya! Mama Hyasinta, muuza dagaa sokoni Kariakoo, anataka foronya nne zenye mshono wa mnyororo ukingoni. Mnyororo! Mtu atalalaje? Lakini safari hii neno nalijua, halina Kiarabu ndani yake. Pantaleo akafumbua mdomo, nikamwonyesha kiganja.

Nimerudi sasa hivi kutoka maduka ya vyuma ya Gerezani na mita sita za mnyororo mwembamba wa chuma, usioshika kutu. Sindano tatu zimeshakatika.