Punda wa Misheni na Zamu Yangu Zizini

Jumatatu, 5 Julai 1976. Mwese.
Nimekwisha! Simba kabeba mbuzi wa kijiji tena. Mzee Melkiadi, mwenyekiti wetu, kasema kila mwanaume atalala zizini kwa zamu. Kuanzia kesho, na wa kwanza mimi! Nikamwambia mgongo unaniuma. Jirani yangu Gaspar akacheka mbele ya watu, akasema jana kwenye pombe mgongo huo ulikuwa unacheza ngoma. Mshenzi. Sikuweza kula. Mke wangu Goreth kala sehemu yangu.

Jumanne, 6 Julai
Mungu mkubwa! Nimepata mlinzi. Bruda Sixte wa misheni ana punda dume kutoka Ulaya, si hawa wetu wa kubeba mahindi. Mgongo wake unanifika kidevuni. Kichwa kama debe, manyoya yananing'inia hadi magotini. Kaletwa apande farasi jike, wazaliwe nyumbu wa mizigo ya milimani. Bruda kasema huko kwao punda wa aina hii hulinda hata kondoo. Hakimbii, anasimama na kupiga mateke. Nimemwazima. Yeye zizini, mimi kitandani.

Jumatano, 7 Julai
Ole wangu. Kumbe punda huyu akiachwa peke yake analia, na sauti yake imeamsha kijiji kizima. Mzee Melkiadi kaniamuru nikakae naye. Nimelala katikati ya mbuzi, simba nje, kwato ndani. Nimesali Salamu Maria mpaka koo likakauka. Nimetubu hata dhambi za Gaspar.

Alhamisi, 8 Julai
Nipo hai! Alfajiri kitu kiliruka ua. Fisi. Tena mmoja, mwembamba. Punda akamtandika teke, fisi akatoka analia. Mimi nilishakuwa juu ya paa la banda, suruali imelowa. Watu walipofika nikasema ni umande. Halafu nikasema nimemfukuza simba kwa fimbo. Sijui maneno hayo yametoka wapi! Wanawake wakapiga vigelegele. Raha iliyoje!

Ijumaa, 9 Julai
Bruda kamchukua punda wake. Nikashukuru, zamu yangu imekwisha. Kumbe! Mkutano ukaitwa. Gaspar akasimama, mpole kama mtawa, akapendekeza zamu zifutwe. Mtu anayefukuza simba kwa fimbo alinde kila siku, wengine wakalale. Mikono yote juu. Hata wa Goreth! Mzee Melkiadi akaniuliza kama nina neno. Nikajibu kwamba hata fimbo siihitaji.
Lakini nasikia kuna mrina asali kule Ugalla ana mbwa asiyeogopa simba. Kesho namfuata. Nitawaambia nimemfundisha mwenyewe.