Boya la Njano la Abrofonkwa

Mtukufu Nana, chifu wetu wa Abrofonkwa, na wazee wako wa baraza, Mchungaji, Imamu, Mama Mkuu wa wauza samaki, wadau wa maendeleo mlioalikwa na ninyi mliofuata harufu ya kenkey, matonge ya mahindi: nawasalimu nyote, na mimi mwenyewe najisalimu, maana kazi nimeifanya mimi. (Makofi, meza kuu tu.)

Leo mimi, Kwamena Baidoo, mkurugenzi wenu wa wilaya, nazindua Mkakati Shirikishi wa Uangalizi wa Bahari kwa Maamuzi Sahihi ya Tabianchi, ambao boya lake, linaloelea kule mbali msikoona, linapima joto la maji, mawimbi na upepo, linarusha data angani, data inashuka ofisini kwangu, nami nikishakunywa chai naamua. (Kicheko. Mkurugenzi anatabasamu.) Uelewa wa bahari wilayani umepanda kwa asilimia mia na nne.

Mnauliza kwa nini tusipande mtumbwi tukalione. Jamani, leo Jumanne! Mungu wa bahari anapumzika, mtumbwi haushuki majini. Nivunje mwiko wa mababu, mimi? (Sauti: "Si wewe uliyechagua Jumanne?") Huyo atolewe kwa upole.

Maame Araba Otuwa amesimama. Nilijua tu. Anasema wimbi la mwaka jana lilimbomolea tanuri za kukaushia samaki, amejenga nyingine palepale ufukoni, na sasa anataka kujua boya linasemaje, ahame au abaki. Swali zuri, mama yangu. Litaundiwa kamati.

("Mimi nauliza la usiku huu, baba.")

La usiku huu, data inaonyesha utulivu wa kuridhisha. Baki. (Wanawake wanatazamana.)

Bahari yetu! ("Macho yetu!") Data yetu! (Meza kuu tu inaitikia.)

Namalizia kwa shukrani. Asante fundi Ebo, uliyelipaka pipa la mawese rangi ya njano, likatoka vizuri mno kwenye picha tuliyowapelekea wafadhili. Asante Maame Araba huyuhuyu, uliyetuazima pipa bila kuuliza la nini. Utarudishiwa. Boya lenyewe tutaliagiza bajeti ikiruhusu.

(Maame Araba anakaza kitambaa kiunoni, anakwenda kwenye tanuri zake jirani, anajitwika chekeche za waya za kukaushia samaki, anashika njia ya kilimani. Wenzake wanamfuata, viti vinabaki vitupu.)

Tazameni wenyewe, wadau: mkakati haujamaliza hata saa moja, na tayari wananchi wanafanya maamuzi sahihi.